Kilicho Baina ya Picha Mbili

Mchoraji wa pwani anayetaka dau litembee juu ya kioo cha kompyuta huanza na picha mbili tu. Katika ya kwanza, dau liko upande wa kushoto, tanga limejaa upepo. Katika ya pili, liko upande wa kulia, na tanga ni lile lile. Baina ya picha hizo huacha nafasi ya sekunde tatu, kisha huiamuru programu ilijaze pengo. Kabla hajavuta pumzi, picha sabini zilizokuwa hazipo zimekwishapatikana, na dau linakwenda. Linakwenda, naam, lakini mzee yeyote aliyezoea kukaa barazani jioni akivitazama vyombo vinavyorejea kutoka kuvua atatikisa kichwa. Hilo si dau, atasema. Hilo ni kasha linalovutwa kwa kamba.

Mzee huyo hajui lolote juu ya programu za kuhuisha picha, wala hana haja ya kujua. Anachokijua ni mwendo. Dau la kweli hulikabili wimbi kwa kusitasita. Omo hupanda kwanza, tezi hufuatia. Likifika juu hutulia kidogo kana kwamba linafikiri, kisha huteremka upesi kuliko lilivyopanda. Programu haikukosea hesabu. Iliyachukua masafa yote, ikayagawa sawasawa, ikaipa kila picha fungu lake bila upendeleo. Uadilifu huo ndio ulioliua dau. Mpenzi wa ushairi hatashangaa, kwani anayafahamu mashairi ambayo vina vyake vimetimia na mizani yake haina upungufu, na bado hayapumui.

Kwa hiyo kila linapotangazwa jambo jipya katika programu hizi, na hakuna mwaka unaopita bila tangazo, swali linalostahili kutangulia ni moja: je, jambo hilo linamwondolea mchoraji kazi ya mkono, au linamwondolea kazi ya kuamua? La kwanza ni neema. La pili ni hasara iliyovishwa nguo za neema.

Chanzo cha ujazaji huu wa mapengo ni cha zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Filamu huhitaji picha 24 kwa kila sekunde. Na hata wachoraji wanapoamua kuitumia kila picha mara mbili, kama ilivyo desturi yao, bado hubaki michoro 12 ya kuchorwa kwa sekunde hiyo moja. Katika studio kubwa za Marekani kazi hiyo iligawanywa. Bingwa alichora picha kuu, yaani mwanzo wa tendo, kilele chake na mwisho wake; wasaidizi, wameinamia meza zenye taa chini ya karatasi, walichora zile za kati. Mwaka 1969 mhandisi wa Kanada, Nestor Burtnyk, wa Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo, alimsikia mchoraji wa studio ya Disney akiueleza mgawanyo huo katika mkutano huko California. Alirejea kwao na fikra moja: kazi ya msaidizi ingeweza kufanywa na kompyuta. Yeye na mwenziwe Marceli Wein wakaunda programu ya namna hiyo, na msanii Peter Foldès akaitumia kutengeneza filamu fupi iitwayo La Faim, yaani Njaa, iliyotoka mwaka 1974. Mwaka 1997 wahandisi hao wawili walitunukiwa tuzo ya ufundi na Akademia ile ile itoayo Oscar.

Filamu hiyo inamhusu mtu anayekula bila kushiba, mwili ukimvimba sahani kwa sahani, hata mwishowe yeye mwenyewe akaliwa na wenye njaa. Ndani yake mna somo kwa kila mchoraji aliyefuata. Mashine ya wakati ule iliivuta kila ncha ya mstari kutoka ilipo hadi iendako kwa njia iliyonyooka. Sasa mkono unaoshuka kutoka juu ya kichwa hadi kiunoni hupita katika tao, kwa sababu umefungwa begani. Lakini mashine, isiyojua bega ni kitu gani, huupitisha njia ya mkato, na katikati ya safari mkono huwa mfupi kama wa mtoto mchanga. Katika kazi ya Foldès, ambamo kila umbo huyeyuka na kuwa umbo jingine, kasoro hiyo ilipata mahali pake. Katika kisa cha mvuvi anayetupa wavu ingechekesha.

Programu iliyoiingiza sanaa hii nyumbani kwa watu ilikuwa Flash. Historia yake yenyewe ni ya chombo kilichobadilishiwa upepo. Mwaka 1993 Jonathan Gay na wenzake walianzisha kampuni ndogo iliyoitwa FutureWave, huko California, wakatengeneza programu ya kuchorea, SmartSketch, kwa ajili ya kompyuta za kuandikia kwa kalamu. Kompyuta hizo hazikupata soko. Programu ikahamishiwa kwenye kompyuta za kawaida. Na walipoipeleka maonyeshoni mwaka 1995, watu wakawashauri waifanye iweze kuhuisha picha. Mwaka 1996 ikatoka kwa jina la FutureSplash Animator, na mwaka huo haukuisha kabla kampuni ya Macromedia haijainunua. Jina likawa Flash.

Zama zile intaneti ilipita katika nyaya za simu, na picha moja ilifika kwa kusuasua, kipande baada ya kipande. Flash haikuhifadhi mchoro kwa kuorodhesha kila nukta ya rangi. Iliuhifadhi kwa maelezo: mstari uanzie hapa, ujipinde hivi, uishie pale. Maelezo ni mepesi, kama vile anwani ilivyo nyepesi kuliko nyumba. Zaidi ya hayo, kitu kilichochorwa mara moja kiliwekwa akibani, na kila kilipohitajika kikaitwa tena. Jicho moja likatumika mara elfu. Mshairi anaijua hila hii, kwani kibwagizo huandikwa mara moja na huimbwa baada ya kila ubeti. Msanii wa Kimarekani Nina Paley aliutumia uwezo huo kutengeneza, kwa sehemu kubwa akiwa peke yake nyumbani, filamu ndefu ya Sita Sings the Blues, iliyotoka mwaka 2008 na kukisimulia upya kisa cha Sita cha katika Ramayana. Kazi ambayo zamani ingedai jengo zima la watu ilibebwa na mikono miwili. Mwaka huo huo Flash ikapewa mifupa: mchoraji hupachika begani, kiwikoni na kiganjani, naye akivuta kiganja, kiwiko na bega hufuata. Bega ambalo mashine ya Burtnyk haikulijua, sasa lilijulikana.

Neema hizi si haba, na asiyezishukuru hajawahi kuchora picha 12 kwa ajili ya sekunde moja. Lakini kila moja huja na mtego wake. Jicho lililoitwa akibani mara elfu hutazama kwa namna moja mara elfu. Mifupa hulifanya kila kiungo kiwe kama cha kikaragosi cha mbao, mchoraji asipoipinda kwa makusudi. Ndiyo maana mafundi waliokomaa, wanapoulizwa siri zao, hutaja machache, na machache hayo hayana tarehe.

La kwanza ni kuanza taratibu na kuishia taratibu. Takriban kila programu ya leo ina mchoro wa kasi uliofichwa nyuma ya mwendo: mstari ulionyooka maana yake ni mwendo ulio sawa, na mstari uliopinda ni mwendo unaochochewa au unaopozwa. Anayeanza huridhika na mstari alioukuta. Fundi huufungua, akaupinda kwa mkono wake. Zinapojazana picha, mwendo hupoa, zinapotawanyika, hukimbia. Dau lile lilihitaji picha nyingi juu ya wimbi na chache katika mteremko, basi.

La pili ni lile ambalo wachoraji huliita ganda la kitunguu, yaani uwezo wa kuiona picha iliyopita na picha ijayo kwa rangi hafifu chini ya picha inayochorwa. Mwenye kulitumia hachori tena picha. Huchora mahali pa picha baina ya jirani zake. La tatu ni kutosimamisha vitu vyote kwa pamoja. Dau likigusa mchanga, mwili wake husimama, lakini tanga bado lina neno la mwisho, na kamba bado inayumba, na mtu aliyekaa tezi huinama mbele kabla ya kukaa sawa. Mambo haya na mengine ya jinsi hii yalikusanywa na Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, katika kitabu chao cha mwaka 1981, wakayafanya kanuni 12. Hakuna hata moja katika hizo iliyozaliwa ndani ya kompyuta.

Mtihani mkubwa zaidi kwa wasemaji wa Kiswahili huja pale mchoro unapofungua mdomo. Tangu mwaka 2014 watoto wa Tanzania wamekuwa wakitazama Ubongo Kids, katuni zitengenezwazo Dar es Salaam na kusema lugha yao wenyewe, na vijana wengi leo hutamani kuhuisha ngano walizosimuliwa na bibi zao. Wanapofika kwenye midomo hukutana na msaada mpya: programu zinazoisikiliza sauti iliyorekodiwa na kuchagua zenyewe umbo la mdomo kwa kila picha. Mojawapo, Rhubarb Lip Sync, hupatikana bure. Ina maumbo sita ya msingi, tangu mdomo uliofumbwa wa m, b na p hadi uliochongoka wa u, na matatu ya nyongeza kwa atakaye, likiwamo la f na v. Ina pia njia mbili za kusikiliza: moja hutambua maneno ya Kiingereza, na nyingine hufuata sauti peke yake bila kujali lugha. Anayehuisha ngano ya Kiswahili hana budi kuichagua ya pili. Asipolijua hilo, ataiacha mashine itafute Kiingereza kinywani mwa Sungura.

Na hata akiichagua, kazi haijakwisha. Silabi zetu aghalabu huishia na irabu, kwa hiyo mdomo wa msemaji hufunguka na kufunguka tena, na mkazo hulala juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Kisha ipo m ile isimamayo peke yake: mtu, mto, mti, mke. Mshairi huihesabu kuwa mizani kamili, wala hakuna wa kumpinga. Mashine inayoidhania kuwa ni konsonanti ya kupita huweza kuupa mdomo uliofumbwa picha moja tu, nayo picha moja katika 24 jicho haliishiki. Wachoraji wa zamani walikuwa na kanuni mbili: mdomo wa m, b au p usikae kwa muda uliopungua picha mbili, na umbo la mdomo liitangulie sauti kwa picha moja au mbili, maana binadamu hujiandaa kabla ya kutamka. Kwa Kiswahili inafaa kuongeza ya tatu: m ya mtu ipewe haki yake ya mizani. Pasipo hivyo mtoto atamwona mtu anayesema “tu”. Kanuni hiyo haimo katika orodha ya mambo mapya ya programu yoyote. Imo katika sikio lililolelewa kwa tenzi.

Haya yana uzito kwa sababu nyingine pia: programu hufa. Mwaka 2005 Adobe iliinunua Macromedia, na Flash ikaenda pamoja na mali nyingine. Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple alitoa waraka wa wazi akieleza kwa nini simu za kampuni yake hazitaipokea Flash, akitaja usalama wake, ulaji wake wa betri na kutofaa kwake kwenye vioo vya kuguswa. Mwaka 2016 programu ya kutengenezea ikabadilishwa jina ikawa Adobe Animate. Kile chombo cha kuonyeshea, Flash Player, kilikomeshwa tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 kikakataa kufunguka. Kazi za zaidi ya miaka ishirini, za mabingwa na za watoto wa shule, zikabaki katika mafaili yasiyo na mlango.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga, nao walisema kweli. Aliyejifunza kwamba kitufe fulani kiko pembeni juu alipoteza alichojifunza. Aliyejifunza kulipinda tanga baada ya dau kusimama aliondoka na elimu yake kichwani. Kuna wengine waliojitwika kazi ya tatu, ya kuzifungua kazi zilizofungika. Waandishi wa Ruffle, programu iliyo wazi kwa wote, walijifunza lugha ya mafaili yale na kuyafasiri ili vivinjari vya leo viyaonyeshe, na tangu Novemba 2020 hifadhi ya Internet Archive huitumia kuwaonyesha watu katuni za zamani. Watu wa pwani wanaielewa kazi ya jinsi hii. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalifika mikononi mwa wasomaji wa karne ya 20 kwa sababu Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya katika hati za Kiarabu, na W. Hichens akayatoa katika herufi za Kirumi mwaka 1940. Shairi lisilo na wa kuisoma hati yake lipo, lakini halisemi.

Ndipo linapokuja suala la nani mwenye koleo. Tangu mwaka 2013 Adobe imeelekea kwenye programu za kukodi: msanii hulipa kila mwezi, na akiacha kulipa, karakana hufungwa na kazi zake zikiwa ndani. Blender imefuata njia nyingine. Kampuni iliyoimiliki ilipoanguka mwaka 2002, Ton Roosendaal, Mholanzi aliyeianzisha, alichangisha euro 100,000 kwa wiki saba ili ainunue na kuiachia huru, na mwezi Oktoba mwaka huo ikawa mali ya kila mtu. Mwaka 2019 uwezo wake wa kuchora kwa mkono, uitwao Grease Pencil, ulisukwa upya hata ukatosha kuwa karakana ya katuni bapa. Filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyohuishwa kwa Blender, ilishinda Oscar ya filamu ndefu ya uhuishaji Machi 2025. Haina neno hata moja la binadamu. Ni paka na wanyama wenziwe ndani ya mashua, na mafuriko pande zote. Na mwendo wa wanyama hao uliwekwa na wachoraji kwa mkono, baada ya kuwatazama wanyama wa kweli.

Mchoraji asiye na fedha anaweza kujilinda kwa hatua ndogo. Kila kazi inayokamilika aihifadhi pia kama picha moja moja zenye namba, katika umbo ambalo programu yoyote huweza kulifungua, na sauti aiweke kando katika faili lake. Kisha aandike kwenye karatasi, kama wafanyavyo wachoraji tangu zamani, kila picha ikae muda gani. Karatasi hiyo haihitaji kulipiwa kila mwezi. Siku koleo litakapovunjika, na litavunjika, atakuwa na kipimo cha kufulia upya.

Sasa zipo programu zinazotumia akili bandia kuzikisia picha za kati, na zinakisia vizuri kuliko zile za zamani: bega wanalijua, na kiwiko, na hata mkunjo wa kanzu. Zimejifunza kutoka kwenye picha nyingi mno, kwa hiyo humpa mchoraji mwendo ambao aghalabu huonekana. Dau la aghalabu, hata hivyo, halijapata kuelea. Kila dau lina upepo wake, uzito wa shehena yake na mkono wa nahodha wake, na hayo hayamo katika picha ya kwanza wala katika ya pili.

Mchoraji yule, kwa hiyo, hufuta nyingi katika zile picha sabini. Hubakisha zinazomfaa, huchora nyingine, huusogeza mwendo picha mbili mbele, moja nyuma, kama mtu apimaye mshororo kwa vidole. Usiku hupita. Kesho yake jioni huibeba kompyuta hadi barazani na kumwonyesha mzee. Mzee hutazama mara ya kwanza, akaomba aonyeshwe tena. Safari hii hatikisi kichwa. Anauliza tu upepo ule ni wa kusi au wa kaskazi. Na mchoraji, ambaye hakuwa amelifikiria hilo, huifungua tena programu.